Kabla Dipositi Haijatoka: Namna ya Kufanyisha Inspekshen ya Nyumba Nakuru, Kisumu na Huku Magharibi

Mtu akienda kununua Probox ya mitumba hapa Nakuru atakuja na mekanika wake, boneti itainuliwa, mekanika ataingia chini ya gari, alafu wataiendesha mpaka Njoro na kurudi wakisikiliza kama kuna kitu inagonga. Mtu huyo huyo akienda kununua nyumba ya mamilioni kule Kiamunyi anafungua kabineti za jikoni, anauliza kama kisima kiko, anapiga picha ya taili anatumia bibi, na basi, ameshakagua. Pesa ya mkopo wa miaka kumi na tano imeenda hivyo.

Mimi kazi yangu imekuwa kubeba ngazi na tochi nikimfuata injinia kwa nyumba za watu, Nakuru kwa sana na mara nyingine Kisumu na Kakamega, na kitu cha kwanza ningetaka mnunuzi aelewe ni kwamba inspekshen si ya kutafuta nyumba haina makosa. Hiyo haipo, hata ile imemalizwa wiki jana rangi bado inanuka. Inspekshen ni ya kujua unanunua makosa gani, yatakugharimu ngapi, na nani atalipa, wewe ama mwenye anauza. Ukishajua hivyo unaweza kununua nyumba iko na nyufa na ulale vizuri, na unaweza kukataa nyumba inang'aa kama hoteli bila kujuta.

Kuna kitu watu wanachanganya sana, wacha nikiseme mapema. Benki ikikupa mkopo itatuma valua, na wewe ndio utalipia hiyo ripoti, kwa hivyo unadhani nyumba imekaguliwa. Hapana. Valua anaambia benki hii mali inaweza kuuzwa pesa ngapi ukishindwa kulipa. Ataangalia eneo, ukubwa wa ploti, barabara, hali ya nyumba kwa juu juu. Hatapanda kwa dari na tochi, hatafungua mfuniko wa septiki, hatafungua boksi ya stima aone waya. Hajakosea, si kazi yake. Usiitumie ripoti yake kama cheti cha afya ya nyumba.

Hatua ya kwanza: inspekshen ije kabla ya pesa

Broka atakuambia kuna mtu mwingine anakuja Jumamosi na kesh. Huyo mtu wa Jumamosi yuko kwa kila nyumba Kenya hii. Mwache aje.

Kawaida ya huku ni unalipa dipositi ya asilimia 10 mkisaini makubaliano ya kuuziana, na mara nyingi ukijitoa baadaye bila sababu iliyoandikwa, hiyo dipositi unaiaga. Kwa hivyo una njia mbili. Ya kwanza, ambayo ni safi zaidi, unakagua nyumba kabla ya kusaini chochote, kwa pesa yako, ukijua inaweza kupotea nyumba ikikataa. Ya pili, mwenye nyumba akiwa na haraka, mwambie loya wako aandike kipengele kwa makubaliano kwamba ununuzi unategemea ripoti ya mkaguzi, na ripoti ikionyesha shida kubwa dipositi inarudi yote ama bei inajadiliwa upya, na kiwekwe na tarehe ya mwisho ili muuzaji naye asikae akingoja miezi. Loya mzuri ataandika hiyo kitu kwa dakika chache. Akikuambia "hatuwekangi hivyo", muulize yeye ni loya wa nani.

Na zile ahadi za mdomo, "usijali kijana wangu nitarekebisha hiyo paa kabla uingie", zichukue kama salamu. Sheria ya mikataba ya Kenya inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe umeandikwa, umesainiwa na kushuhudiwa, kwa hivyo kama paa haiko kwa hiyo karatasi, utapata shida kumshika nayo.

Hatua ya pili: tafuta mtu anayefaa, na asiwe wa broka

Huko Marekani kuna majimbo mkaguzi wa nyumba ana leseni yake peke yake, ni kazi inajulikana. Hapa kwetu hakuna leseni ya jina hilo, kwa hivyo mtu yeyote mwenye helmeti anaweza kujiita inspekta. Unachotafuta ni injinia wa majengo aliyesajiliwa na Engineers Board of Kenya, ama mtaalamu wa majengo aliye mwanachama wa Institution of Surveyors of Kenya (wako na tawi la watu wa majengo, si wale wa kupima mipaka tu), ama akitekta aliyesajiliwa na BORAQS, bodi inayosajili maakitekta. Upande wa stima unataka fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kusimamia nishati. Bodi zote hizi ziko na rejista, muombe namba yake ya usajili alafu uicheki mwenyewe mahali pake. Mtu wa ukweli hawezi kasirika ukimuuliza.

Maswali ya kumuuliza kwa simu: utapanda kwa paa ama utaangalia ukiwa chini? Utaandika ripoti iko na picha? Wewe pia ndio hurekebisha? Hilo la mwisho linanihusu sana. Mtu anayekagua na hapo hapo anauza dawa ya kuzuia unyevu atapata unyevu hata jangwani. Na mtu aliyeletwa na broka analishwa na broka, hiyo haitaki maelezo. Binamu yako fundi naye mlete, mara nyingine anaona kitu injinia amepita, lakini asiwe peke yake, kwa sababu siku ya kubishana bei muuzaji hatajali binamu yako alisema nini, atajali karatasi iko na muhuri.

Pesa mpatane kabla, na usafiri uwe ndani. Kama nyumba iko Kisumu na injinia anatoka Nakuru utalipa pia siku yake ya barabara, afadhali kutafuta wa huko huko, na pia ndiye anajua udongo wa huko.

Hatua ya tatu: karatasi kwanza, ngazi baadaye

Utafutaji wa taitoli na loya najua mnajua, sitarudia. Mimi naongea karatasi za jengo lenyewe. Omba ramani zilizopitishwa na kaunti, zile za akitekta na zile za injinia, alafu cheti cha kuruhusu watu kuingia kwa nyumba, na usajili wa mradi kwa NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, kama nyumba ilijengwa baada ya hiyo mamlaka kuanza, sheria yake ni ya 2011. Nyumba za zamani zilijengwa chini ya kanuni za 1968, na kanuni mpya za majengo zilianza kutumika Machi 2025, kwa hivyo usishangae nyumba ya mzee wa miaka ya sabini ikikosa vitu vinavyodaiwa leo.

Ramani ni muhimu kwa sababu moja rahisi: unaisimamisha mbele ya nyumba unahesabu. Ramani inasema orofa mbili, nyumba iko tatu. Ramani inaonyesha veranda, veranda sasa ni bedruum. Mtu akiongeza orofa juu ya msingi ambao haukuhesabiwa kubeba hiyo orofa, huo uzito uko hapo kila siku hata kama ukuta bado haujasema kitu. Ukipata alama ya X nyekundu kwa ukuta, hata kama imepakwa rangi juu, uliza ilitoka wapi, hizo huwekwa na serikali kwa majengo yana walakini.

Pia angalia mahali jengo limesimama. Karibu na mto ama ziwa kuna ukanda usiofaa kujengwa, kati ya mita 6 na mita 30 kutoka mahali maji yamewahi kufika juu zaidi. Karibu na reli na barabara kuu kuna hifadhi pia, ardhi ya reli ama barabara isiyojengwa. Mwite sirveya wa ardhi aonyeshe bikoni, zile alama za mpaka wa ploti. Injinia akikuambia nyumba ni imara na kumbe robo yake iko kwa barabara, uimara wake hautakusaidia tingatinga ikija.

Hatua ya nne: udongo

Hapa ndio watu wa Nairobi wanaonunua nyumba huku kwetu kwa simu wanapotea, kwa sababu nyumba ni ile ile, ramani ni ile ile ya mtandao, lakini chini si sawa.

Nakuru tumekalia Bonde la Ufa, na si jina tu. Udongo mwingi ni jivu na changarawe ya volkano, laini, unaona ukichimba shimo unabomoka wenyewe. Chini yake kuna nyufa za zamani zilizojazwa na huo udongo laini, mvua kubwa ikinyesha maji yanapata njia, yanausomba polepole, alafu siku moja ardhi ya juu inashuka. Upande wa magharibi wa mji umekuwa na visa vya ardhi kudidimia kwa miaka mingi, watafiti wameandika juu yake. Machi 2018 kila mtu aliona ile mpasuko ya Suswa iliyokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Na kama unadhani tetemeko ni mambo ya nchi zingine, Januari 6, 1928 kulikuwa na tetemeko la 6.9 hapa Subukia, na bonde halijahama.

Kwa hivyo ukija kununua Nakuru, kabla ya kuingia kwa nyumba tembea mtaa wote. Angalia kama kuna mstari wa bonde dogo linalokata shamba za watu, barabara iliyoshuka kidogo mahali pamoja ikawekwa murram kila mwaka, fensi ya mawe iliyopinda, mtaro unaoingiza maji na hayatoki mahali popote. Hicho cha mwisho ndicho hunitisha. Maji yakiingia ardhini Nakuru na hujui yanaenda wapi, yanafanya kazi huko. Uliza majirani, hasa wazee walioishi hapo tangu ikiwa shamba, na uulize hivi: "Mzee, mvua kubwa ikinyesha maji hupitia wapi hapa?" Ukimuuliza kama ardhi ni nzuri atasema ni nzuri, kwani yeye pia ana ploti ya kuuza. Ukimuuliza maji hupitia wapi atakuonyesha kwa kidole mpaka mwisho.

Upande wa ziwa Nakuru kuna ingine. Ziwa limekuwa likipanda tangu karibu 2010, limekula nyumba upande wa Mwariki na Barut. Ukiona bei ya huko imeshuka kuliko kawaida, jua sababu iko ndani ya maji.

Kisumu ni hadithi tofauti. Chini kule Nyalenda, Manyatta, ukielekea uwanda wa Kano, ni udongo mweusi, ule wa pamba. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka mpaka mkono unaingia. Nyumba ikiwekwa juu ya udongo huo bila kuuchimba wote ukaondolewa mpaka kwa udongo mgumu, ama bila slabu ya msingi iliyohesabiwa na injinia, itakuwa inainuliwa na kushushwa kila msimu. Nyufa zake zina tabia yao: zinafunguka kiangazi, zinafunga mvua ikija. Muuzaji mjanja anajua, atakuonyesha nyumba Mei. Wewe rudi Februari kama unaweza, na kama huwezi injinia ataangalia mahali pameshindiliwa fila, ile ya kuziba nyufa, mara kadhaa, rangi ya hapo haifanani na pengine.

Ukipanda Riat ama Kajulu unapata mwamba na mawe makubwa, msingi hauna shida, lakini angalia ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba. Kama hauna matundu ya kutoa maji na umeanza kuegemea mbele, hiyo ni pesa nyingi inakungoja. Na karibu na ziwa, Dunga na huko chini, kumbuka mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipita ile rekodi ya 1964. Muulize muuzaji maji yalifika wapi mwaka huo, alafu umuulize na mtu wa bodaboda, ulinganishe majibu.

Kisii na sehemu za Vihiga ni miteremko, hapo unaangalia udongo kushuka na mahali maji ya jirani wa juu yanaishia. Kakamega na Kisii radi ni kali, kama nyumba iko juu ya kilima bila kinga ya radi weka hiyo kwa hesabu yako. Busia na Siaya, mchwa. Nitawarudia.

Hatua ya tano: siku ya kukagua

Nenda na mkaguzi. Usingoje ripoti tu. Nusu ya faida ni kumsikia akiongea akiangalia. Mwambie muuzaji mapema kwamba mtahitaji mlango wa dari ufunguliwe, maji yawe kwa tangi, na stima iwe na tokeni. Mkifika upate maji yamekatwa leo na tokeni imeisha jana, panga siku nyingine. Nyumba nyingi zenye bomba mbovu hukosa maji siku ya inspekshen, sijui ni bahati gani.

Anzeni nje. Zungukeni nyumba mara moja bila kuongea. Maji ya mvua yanatoka kwa gata yanaenda wapi, yanamwagika kwa msingi ama yanapelekwa mbali? Ardhi inateremka kutoka kwa nyumba ama inaelekea kwa nyumba? Kuna mti mkubwa umekaribia ukuta? Ile saruji ya kuzunguka nyumba imeachana na ukuta? Hapo ukiona nafasi ya kidole, kitu kimoja kati ya hivyo viwili kimeshuka.

Nyufa sasa. Nyufa zinaogopesha watu vibaya na zingine hazina maana. Zile nyembamba kama unywele, zimetapakaa kwa plasta kama ramani, hizo ni plasta ilikauka haraka, paka rangi uendelee. Ya kuangalia ni ile inaanza kwa kona ya dirisha ama mlango na kupanda kimshazari, ama inafuata mawe kama ngazi, hasa ikiwa juu ni pana kuliko chini, hasa ikiwa unaiona ndani na nje mahali pale pale. Ikiingia sarafu ya shilingi, simama hapo. Injinia atakuuliza kama inaendelea kufunguka ama ilisimama, na hilo huwezi kujua siku moja, ndio maana kwa nyumba ya shaka anapiga mstari wa penseli ukikata ufa, anaandika upana na tarehe, anarudi baadaye. Muuzaji akikataa mstari wa penseli kwa ukuta wake, hiyo pia ni jibu.

Kuna nyumba tulikagua Kisumu, nzuri, mama mwenyewe amekaa hapo miaka mingi. Sebule yote ilikuwa imewekwa taili kwa ukuta, kutoka sakafuni mpaka kiunoni, za maua. Injinia akapiga kwa kidole, to, to, to, zingine zikilia kama debe tupu. Akauliza, "Mama, hizi mliweka lini?" Mama akacheka, "Aa mwanangu, hiyo ni urembo tu, watoto walikuwa wanachafua rangi." Tukatoka nje, upande wa nyuma wa ukuta huo huo, plasta ilikuwa imetoa chumvi nyeupe na inaanguka ukiigusa kwa kucha. Unyevu ulikuwa unapanda kutoka msingini, ile karatasi ya kuzuia maji ama haikuwekwa ama ilikatika. Mama hakuwa mwongo sana, fundi wake ndiye alimwambia taili zitamaliza shida. Zinaificha, na maji yakikosa pa kukaukia yanapanda juu zaidi. Mnunuzi hakukimbia, aliinunua, lakini gharama ya kutibu ukuta ilitoka kwa bei.

Kwa hivyo taili za ukutani mahali si bafu wala jikoni, rangi mpya kwa kona moja tu, kabati kubwa isiyosogezwa, kapeti kwa chumba kimoja, hivyo vitu vyote omba visogezwe kwa heshima. Na unuse. Chumba kimefungwa kikanuka udongo, kuna maji mahali.

Ndani, fungua kila mlango na kila dirisha. Mlango uliochongwa juu ili ufunge, fremu imepinda, na fremu haipindi yenyewe. Weka gololi kwa taili uone inabiringika wapi.

Paa. Mtu apande, na mtu aingie kwa dari. Mabati ya geji 28 ni mazito kuliko ya 30, na nyumba nyingi zinauzwa kwa jina la 28 na ziko na 30, bati lenyewe huwa limechapwa kwa upande wa chini, soma. Angalia misumari iliyoinuka, kutu mahali mabati yanapandana, na alama za maji kwa mbao. Mbao ndio kubwa huku magharibi kwa sababu ya mchwa. Chukua bisibisi udunge mbao mahali zinagusa ukuta, bisibisi ikiingia kama kwa keki hiyo mbao imeliwa. Vile vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ukivisugua na vikiwa na unyevu ndani, mchwa wako kazini saa hii. Kisumu pia kuna popo kwa dari, si hatari kwa jengo lakini ile harufu utaishi nayo.

Kama ni nyumba za zamani, zile za reli na za mashirika, Nakuru na Kisumu zote zina mitaa ya hivyo, uliza kama paa ni asbesto. Ni yale mabamba ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, yaliyoota kuvu. Kenya ilipiga marufuku asbesto 2006 na kuitoa kunataka watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, si vijana na nyundo, kwa sababu vumbi lake linaleta saratani ya mapafu. Gharama ya kuitoa na kuitupa iwe kwa mazungumzo ya bei, na isivunjwe wala kukwanguliwa kabla hao watu waje.

Hatua ya sita: maji, choo, stima

Fungua bomba zote mara moja, flashi vyoo vyote, uone presha inafanya nini na maji machafu yanaenda vipi. Alafu funga kila kitu, nenda kwa mita ya maji, piga picha, kaa. Mkono mdogo ukiendelea kuzunguka polepole na hakuna bomba imefunguliwa, kuna mahali chini ya hizo taili maji yanavuja, na Nakuru hiyo ndio maji nilikuambia yanafanya kazi ardhini.

Septiki ifunguliwe. Najua haipendezi. Uone kama imejaa mpaka juu, kama ina kuta ama ni shimo tu, na iko umbali gani na kisima, watu husema mita 30 angalau. Wakikuambia wameunganishwa kwa sewa, usikubali kwa mdomo, omba bili ya kampuni ya maji uone kama laini ya sewa imechajiwa.

Kisima Nakuru kipimwe floraidi, hii usiruke. Watoto wengi wa bonde hili meno yao yamekuwa ya kahawia kwa sababu hiyo. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua floraidi inabaki na inakuwa nyingi zaidi. Kuna filta za makaa ya mifupa zinazoitoa, lakini kwanza ujue iko ngapi.

Stima, fundi afungue boksi. Atatafuta waya wa ardhi aone kama upo kweli na umefika kwa chuma kilichozikwa, ama umekatwa tu ukafichwa. Atacheki hiyo shawa ya moto ya papo hapo: mara nyingi unapata imevutwa na waya wa milimita 2.5 ambao ni wa soketi, badala ya mnene wake, na breka imewekwa kubwa ili isianguke. Hiyo ni moto unangojea siku ya baridi. Tafuta kama soketi zimebadilika rangi. Na hakikisha mita ya Kenya Power iko kwa jina la nani na haina deni.

Hatua ya saba: ripoti ikifika

Ripoti nzuri ya nyumba ya kawaida haihitaji kuwa kitabu, lakini kila shida iwe na picha, mahali ilipo, uzito wake na makadirio ya gharama. Ukipata imeandikwa "nyumba iko katika hali nzuri kwa ujumla", irudishe, hiyo hata broka angeandika.

Isome ukigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu vinavyokufanya uondoke: msingi unaotembea, jengo kwa ardhi si yake, orofa ambayo haikuhesabiwa. Hapa usibishane bei, enda nyumbani. Fungu la pili ni vitu vya pesa: paa, septiki, wayaring, unyevu. Hizi peleka kwa muuzaji na makadirio mkononi na uongee polepole, "Mzee, nyumba nimeipenda, lakini paa hii injinia anasema itataka kiasi hiki, tusaidiane." Wengi wanakubali kugawana, kwa sababu wanajua mnunuzi mwingine akileta injinia ataona kitu kile kile. Mkikubaliana, iandikwe kwa mkataba, kupunguza bei ni bora kuliko muuzaji kurekebisha, maana akirekebisha yeye atatumia fundi wa bei ya chini na rangi nyingi. Fungu la tatu ni komeo zilizolegea, taili moja imevunjika, gata imeinama. Hizo usizitaje kabisa, utaonekana mtu wa fujo na utapoteza nguvu ya zile kubwa.

Na wewe ambaye tayari ni nyumba yako

Huku watu wanadhani inspekshen ni ya kununua tu. Kuna nyakati tatu nyingine ningelipia.

Ukijengewa, kabla hujapokea funguo na kabla kontrakta hajalipwa ile pesa ya mwisho. Mkataba mwingi wa ujenzi huwa na kipindi cha kontrakta kurudi kurekebisha makosa, mara nyingi miezi sita, lete mkaguzi mwanzo wa hicho kipindi na tena kabla kiishe. Kama uko ng'ambo na nyumba inasimamiwa na ndugu yako, mkaguzi asiyejuana na ndugu yako ni wa lazima kwa kila hatua, msingi ukiwa wazi, kabla slabu kumwagwa, kabla paa kufunikwa. Si kwamba ndugu ni mwizi, ni kwamba yeye pia anaonyeshwa kile fundi anataka aone, na chuma kikishafunikwa na zege hakuna picha ya WhatsApp itakuonyesha kilikuwa cha unene gani.

Ukitaka kuongeza orofa, ama kuweka tangi la lita elfu kumi juu ya slabu, injinia kwanza. Hilo tangi likijaa ni tani kumi.

Na kila mwaka kabla ya mvua ya Machi, hata bila injinia, wewe mwenyewe na ngazi: gata, misumari ya paa, mitaro ya kuzunguka nyumba, vijia vya mchwa, na zile nyufa za zamani kama mstari wa penseli umeachana. Ukiona umeachana, ndio unamwita. Ile ripoti ya siku ya kununua iweke kwa simu na uprint moja uweke na taitoli, kwa sababu mtu anayekuja kuangalia ufa leo, kitu cha kwanza atakuuliza ni mwaka juzi ulikuwa upana gani.